Nzi ya Tata Kaumba

Nyinyi batoto mnaofanya kazi kwenye makambi ya ziwa la Nzilo, mnaowapigia wageni kasia na kuwabebea fimbo za kulobea, yaani za kuvulia samaki, ketini kwanza. Nina hasira, na hasira yenyewe inawahusu.

Juzi kijana mmoja wa kwenu alinifikia hapa nyumbani Kolwezi. Jina lake nalihifadhi, maana hakuwa na ubaya wowote, alitumwa tu. Alitoa mfukoni kiboksi cha plastiki, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na nzi za ndoana, mwili rangi ya kutu, shingoni manyoya ya kanga yenye madoadoa.

"Mama Filo," akaniambia, "banasema zamani ulikuwa natumika kazi kule kambini. Utufundishe kufunga hii. Jina yake ni Trésor. Patroni mwenyewe njo aliigundua."

Nilimwomba aseme tena hilo jina. Akasema tena. Nikamletea maji ya kunywa, nikamwacha aketi, nikaenda jikoni kusimama peke yangu. Niliporudi nilimweleza ninayowaeleza sasa, na kwa kuwa yeye ni mmoja na nyinyi mko wengi, nimeona niyaandike.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, nzi tunayoisema hapa si yule anayetua kwenye bukari, ugali wako. Ni ndoana iliyovishwa manyoya, nywele na uzi mpaka samaki aione kama mdudu au kisamaki. Haina chambo wala harufu. Inadanganya kwa umbo na kwa mwendo wake ndani ya maji, basi. Mlobaji anairusha kwa fimbo ndefu na kamba nzito, na kamba ndiyo inayoipeleka, kwa sababu nzi yenyewe haina uzito wa kutosha hata kufika mlangoni. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipokuwa na watoto wadogo mpaka nilipoanza kuitwa bibi.

Sikuzaliwa nayo. Mimi nilikuwa mshonaji wa nguo za arusi. Madame Lise, mjane mzee Mbelgiji aliyeanzisha ile kambi ziwani, alikuja kwangu kurekebisha pazia, akanikuta nashona ushanga kwenye shela ya bibi arusi. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akinitazama. Halafu akaniuliza kama macho yangu ni mazima. Nikamjibu ni mazima. Akasema shela zina mwisho, watu wakikosa pesa wanaoana bila shela, lakini samaki hawatakosa kula. Nikamfuata.

Mama yule alikuwa mkali. Alinifundisha kwa wembe. Nilikuwa nafunga nzi, naiweka mezani, anaitia kwenye beseni la maji, anainama kuitazama. Ikielea upande kama mlevi, aliitoa, akaikata yote kwa wembe, akanirudishia ndoana ikiwa uchi. Hakueleza kosa. Alisema tu, "Tena." Nilirudi nyumbani nikalia, mume wangu akaniambia niache. Niliendelea kwa sababu ya hasira. Nilitaka siku moja wembe ule ukose kazi.

Sasa sikilizeni, maana nimeona zile zilizokuwa kwenye kiboksi cha kijana, na zimefungwa vibaya. Mnajaza shingo. Ukifika karibu na jicho la ndoana, simama. Acha nafasi ya ukucha, kwa sababu pale ndipo utakapofungia manyoya ya shingo, na pale ndipo fundo la mwisho litalala. Ukijaza, fundo litapanda juu ya jicho na mgeni atashindwa kupitisha kamba, atakutukana kwa lugha yake na hutajua amekuita nani. Na hiyo gundi acheni. Gundi ni ya mtu asiyejua kukaza uzi. Paka uzi nta ya nyuki, nta nzuri inatoka upande wa Kasaji pamoja na asali, halafu kaza mpaka karibu ukatike. Ukikatika mara nyingi, mkono wako utajifunza wenyewe mwisho uko wapi. Juu ya fundo weka tone la rangi ya kucha ile isiyo na rangi, na iachwe ikauke.

Kwa nzi nyingine zisizo za kanga, manyoya ya shingo yanataka jogoo aliyezeeka, si kuku wa kununua anayekua upesi upesi. Mwaka mmoja tulipungukiwa kabisa, na mume wangu alikuwa amemfunga jogoo wa Noeli nyuma ya nyumba. Nilimtoa manyoya ya shingo machache, nikaona mazuri sana, nikaongeza machache tena. Mume wangu aliporudi alimkuta jogoo anatembea na shingo nyekundu kama ya padri aliyechomwa na jua. Aliniuliza kama ndege ana ugonjwa. Nikamwambia amepata kazi kambini. Tulimla hivyo hivyo.

Na shaba. Katika mji huu watu wanachimba shaba mpaka chini ya sebule zao, malori yanaibeba usiku na mchana, lakini mimi nilihitaji ile nyembamba kama unywele tu. Niliipata kwa fundi anayezungusha upya waya za mota zilizoungua. Alinipa vipande alivyovitupa. Shaba hiyo nilikuwa naizungusha tumboni mwa nzi ili izame. Wageni walikuwa wanadhani ni kwa ajili ya kung'aa. Acha wadhani, lakini nyinyi mjue ni kwa ajili ya uzito.

Sasa nifike kwa kundi la migodini, maana mambo yote yaliharibika kwenye safari yao.

Walikuwa wahandisi na watu wa maabara, wa nchi mbalimbali, wanaofanya kazi kwenye migodi ya huku kwetu. Kila kiangazi walikuja pamoja ziwani mwisho wa wiki mmoja, kuloba na kupumzika. Mkubwa wao alikuwa Bwana Alain, mzee mwenye masharubu, Mfaransa, mpole. Kwao kuna samaki anaitwa truti, wa mito ya baridi inayoshuka milimani, na yule mzee alimpenda truti kuliko watu wengine wanavyopenda watoto wao. Mara ya kwanza alipokuja alifungua mbele yangu sanduku lake la nzi za truti. Sijaona kazi nzuri vile. Nyingine zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, na bado zilikuwa na mabawa, mkia na miguu. Nilimwomba niziangalie kwa kioo cha kukuza, akaniachia sanduku zima mpaka kesho yake. Huo ndio moyo aliokuwa nao, na nataka mkumbuke, kwa sababu nitamsema vibaya mbele.

Zilikuwa nzuri, lakini za maji mengine. Zile nzi zilielea. Truti wake anapanda juu kukamata wadudu wanaoanguka mtoni. Samaki wetu wa Nzilo wanaotafutwa na wageni ni makobo, mwenye mdomo mpana, anayejificha kwenye matete na kumeza wadogo zake. Siku nzima lile kundi walirusha nzi zao nzuri juu ya ziwa, na kilichokamatwa kilikuwa majani, kofia ya bibi mmoja mjiolojia, na shuka la mpishi lililokuwa limeanikwa.

Tata Kaumba alikuwa mlobaji wa kijiji cha jirani. Baba yake aliloba pale, babu yake aliloba kwenye mto kabla bwawa halijafanya ziwa. Madame Lise alimwajiri kupigia wageni kasia. Siku ile, baada ya kuwarudisha wale watu mikono mitupu, alikuja kusimama mlangoni mwa chumba changu cha kazi. Alitazama ninavyofunga.

"Mama, uko nafunga kitu ya kuruka," akasema.

"Ndiyo. Nzi inaruka."

"Makobo haiko samaki ya kutafuta kitu ya juu. Ngojea."

Asubuhi alirudi na jani la mgomba. Alikuwa amemloba makobo kwa kamba yake ya mkono, akampasua, na juu ya jani aliweka vyote vilivyotoka tumboni. Alivipanga kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga dagaa sokoni. Watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi ndani ya maji kabla ya kupata mabawa, rangi ya kutu. Na visamaki vidogo, vimeyeyuka nusu.

"Angalia rangi," akaniambia. "Na uone, hii haiogelee. Inashuka tu, pole, pembeni ya matete. Makobo iko chini anangojea tu ile yenye kushuka."

Ndipo nikaongeza shaba tumboni, nikaacha mkia uwe mfupi, nikaivisha shingoni unyoya mmoja tu wa kanga ili itikisike inaposhuka. Tuliijaribu kwenye beseni. Ikashuka sawasawa, kichwa chini, manyoya yanapumua. Madame Lise aliitazama, akatafuta wembe wake mfukoni, halafu akaurudisha. Hakunisifu. Alimgeukia Kaumba akamwambia kwamba hii ni nzi yake, na itaitwa Kaumba. Alisema hivyo mbele ya mpishi, mbele ya wapiga kasia, mbele ya Bwana Alain aliyekuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Mchana ule ule wakamkamata makobo wa kwanza, halafu wengine. Kwa miaka yote iliyofuata, wageni walikuwa wakifika na kuniuliza, "Mama, una Kaumba?"

Hivyo ndivyo nzi ile ilivyozaliwa. Mwenye kuigundua ana jina, ana mke, ana kijiji.

Madame Lise alizeeka, akarudi kwao, akauza kambi. Aliyeinunua ni Bwana Trésor, mtu wa Lubumbashi, mwenye viatu safi na maneno mazuri. Sitasema hakujua kazi. Alipaka nyumba rangi, alileta taa, alitulipa kwa wakati. Lakini mwezi wake wa kwanza alifunga kamba ndefu majini, akaifungia madumu meupe yaelee, akasema ndani ya kamba ni maji ya kambi. Ndani ya kamba ndimo mlimokuwa na matete yote mazuri. Walobaji wa kijiji wakabaki nje, kwenye maji ya wazi ambako hata mtoto anajua hakuna kitu. Wageni waliokuwa ndani walikuwa wanamkamata samaki, wanampiga picha, wanamrudisha majini, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya patroni. Kijiji kikaanza kununua tomsoni, yule samaki wa barafu anayetoka mbali kwenye makatoni, huku kikiwa kimekaa ukingoni mwa ziwa.

Kaumba alifukuzwa kazi kwa kuuliza. Aliuliza tu kamba ile imeombwa kwa nani.

Mume wangu alipofariki, Kaumba alikuja Kolwezi kwenye kilio, kwa baiskeli, na samaki wakavu kwenye mfuko. Alikaa nasi, akabeba viti, akachota maji pamoja na vijana wa ukoo. Siku ya kuagana sikuwa na cha kumpa. Nilikuwa na jogoo wangu mwenyewe, unyoya mmoja wa kanga, na ile jiliwa ndogo ninayobania ndoana nyumbani. Nikakaa nikamfungia Kaumba moja, nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga, nikaichomeka kwenye kofia yake. Hakuilobea hata siku moja. Yeye wakati ule alikuwa analoba kwa kamba ya mkono na mnyoo. Aliivaa tu, kama mtu anavyovaa msalaba.

Kiangazi kilichofuata kundi la migodini likaja kama kawaida. Niliwaandalia nzi zao. Na hapa pia kuna la kujifunza: kundi halichaguliwi nzi moja. Unawatazama kwanza wakitelemka garini. Mwenye haraka, mpe nzi nzito, itamlazimisha angoje. Mwenye mkono mbaya, bana ule mwiba wa ndoana kwa koleo kabla ya kumpa, kwa sababu atajiloba sikio, na sikio likiwa na mwiba ni kilio mpaka hospitali. Yule anayejisifu, mpe ile iliyokaza vizuri kuliko zote, maana ikifunguka atakulaumu wewe. Mzee kama Bwana Alain, mwache achague mwenyewe. Nilizifunga zote nyumbani kwangu, kwa manyoya ya kuku zangu, kwa sababu Trésor alikuwa amechelewa kuleta vifaa na hakutaka kusikia habari yake.

Asubuhi ya pili, wakati wageni wanakunywa kahawa kwenye baraza, walinzi walimleta Tata Kaumba. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya nailoni. Walimketisha kwenye mchanga mbele ya baraza. Mlinzi mmoja alikuwa ameshika makobo, mwingine ameshika kofia. Jana yake mgeni mmoja alikuwa amesema kisanduku chake cha nzi hakionekani. Sasa wamemkuta mtu ndani ya kamba, na kwenye kofia yake kuna nzi.

Trésor akaniita. Nilitoka na aproni yangu.

"Mama Filo, tazama. Hii nzi njo ya kwetu?"

Nikaishika. Sikuhitaji kuigeuza.

"Mi njo nilifunga," nikasema. "Lakini haiko ya kwenu. Nilifunga kwangu, na kuku yangu, nikamupatia Tata Kaumba siku ya kilio ya bwana yangu. Na tena ni nzi yake. Yeye njo alitufundisha."

Trésor akawageukia wageni. Akasema kwa Kifaransa, kwa sauti yake ile nzuri, kwamba mfungaji wa nzi amethibitisha ni mali ya kambi.

Mimi Kifaransa changu ni cha kushonea pazia, lakini nimekaa na Madame Lise miaka. Nikasema kwa Kifaransa hicho hicho, polepole, wote wasikie, kwamba hivyo sivyo nilivyosema. Nikairudia yote. Kikombe kikagongana na kisahani mahali fulani. Yule bibi mjiolojia akasimama. Kisha mgeni mwenye kisanduku akatia mkono kwenye koti lake la mvua lililokuwa limetundikwa kwenye kiti, akakitoa. Kilikuwa humo tangu jana. Akasema, "Ah." Akakitia tena mfukoni.

Mnajua nilichongoja? Nilingoja mtu mmoja aende kumfungua Kaumba. Hakuna aliyekwenda. Nilikwenda mimi, na mkasi wangu wa uzi, na ile nailoni ilikuwa imeingia nyamani mkono mmoja mpaka nikaogopa kukata. Kaumba hakulia. Aliniambia tu, chini chini, "Mama, banapasua bwato yangu." Walinzi walikuwa wamepiga shoka chini ya mtumbwi wake.

Nikamwuliza Trésor ni nani atautengeneza. Akanijibu kwamba Kaumba alikuwa ndani ya kamba, kwa hiyo kosa liko palepale, na kwamba mambo yamekwisha, wageni waendelee na kahawa.

"Mambo gani yamekwisha?" nikamwuliza. "Ile mukono yake? Ile bwato?"

"Mama Filo, usituletee aibu mbele ya bantu."

Hapo nikamtazama Bwana Alain. Yeye alikuwepo siku ya jani la mgomba. Yeye aliuona ule wembe ukirudi mfukoni. Alimjua Kaumba, alikuwa amekaa kwenye mtumbwi wake kiangazi baada ya kiangazi. Neno moja la mzee yule lingetosha, kwa sababu kundi lote lilikuwa lake na Trésor aliwategemea. Alinijia, akaniinamia, akaniambia kwa upole, "Filomena, tafadhali, si leo. Watu wamengoja safari hii mwaka mzima."

Trésor nilimkasirikia siku ile na nimemkasirikia juzi tena. Lakini Bwana Alain sijamsamehe. Mtu asiyejua haki yako unaweza kubishana naye. Yule anayeijua vizuri, akakuomba kwa upole uiweke kando ili asiharibikiwe na asubuhi yake, huyo unamfanya nini?

Fimbo zote zilikuwa zimeegemezwa ukutani, tayari, kila moja na nzi yake imefungwa. Nilikwenda pale na mkasi. Nilianza na ya kwanza. Nikakata nzi, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, nikaenda kwa inayofuata. Niliifanya pole, bila fujo, kama ninavyokata uzi mwisho wa kazi. Mgeni mmoja alisema zile ni zao, wamelipia. Nikamwambia wamelipia kitanda na chakula, kuku ni zangu. Trésor aliniambia nikikata moja zaidi nisirudi. Nikakata moja zaidi. Yule mjiolojia alinisogezea fimbo yake mwenyewe, nikamshukuru.

Halafu nikavua aproni, nikaikunja na nzi ndani yake, nikamshika Kaumba mkono ule uliokuwa mzima, tukatoka kwa mlango wa mbele, ambao wafanyakazi hatukuruhusiwa kuupita. Nyuma yetu jikoni walikuwa wanamkaanga yule makobo wa Kaumba kwa ajili ya walinzi. Harufu ilitusindikiza mpaka barabarani. Hiyo ndiyo retrete yangu, kustaafu kwangu. Hakuna hotuba, hakuna keki.

Sasa msidhani yaliishia hapo. Mama Béa, mke wa Kaumba, ni mwanamke mfupi asiyepiga kelele. Aliwakusanya wanawake wa kijiji, wakaenda kuketi njiani, mbele ya geti la kambi, na masufuria yao, na watoto mgongoni. Walipika pale, walisuka nywele pale. Nami nilipanda pikipiki kutoka Kolwezi kwenda kuketi nao. Magari ya wageni yalikuwa yanafika, yanaona moshi na watoto, yanageuza. Trésor alitoka kutuambia tunavunja sheria. Mama Béa akamwuliza kama barabara nayo ina kamba. Mwishowe Trésor akamwita mkuu wa kijiji wakazungumza, kamba ikasogezwa, upande mmoja wa matete ukarudi kwa kijiji. Upande mmoja tu. Mtumbwi wanaume waliubandika bati na lami, wenyewe, hakuna aliyewalipa.

Mkono wa Kaumba haukurudi vizuri. Vidole viwili havisikii kitu. Kwa mlobaji wa kamba ya mkono hiyo ni kama kufumbwa macho, kwa sababu samaki anasikika kidoleni kabla ya kuonekana. Kwa hiyo siku hizi analoba kwa fimbo, kwa nzi, na mimi namfungia. Sasa mnaelewa nilivyosikia damu ikipanda kijana wenu aliponitamkia lile jina lingine.

Kiangazi hiki Kaumba aliniambia nipande mtumbwini. Nilimwambia nina umri gani wa kupanda mitumbwi. Akasema, "Mama, miaka yote ile unafunga, hata siku moja haukuloba. Iko aibu." Na ilikuwa kweli. Kule kambini mwanamke alifunga, alipika, alifua shuka zenye ndoana. Fimbo sikuwahi kupewa.

Nikapanda. Kaumba alikaa nyuma na kasia kati ya mkono na kwapa. Alinionyesha kurusha, nikarusha vibaya, nikarusha tena. Nzi ikaanguka karibu na tete moja lililoinama, kwenye ule upande uliorudi kwa kijiji. Sikuivuta. Niliiacha ishuke, kwa maana hilo nililijua kwa vidole, nilikuwa nimeishusha kwenye beseni maelfu ya mara. Kamba ikasimama. Halafu ikaondoka, na fimbo ikainama mpaka nikadhani itakatika, na Kaumba nyuma yangu alikuwa anasema pole pole tu, "Musikilize, Mama. Musikilize kwanza." Nilimvuta makobo mpana kama sahani ya karamu, kijani mgongoni, tumbo la dhahabu. Nikamkumbatia kifuani na nguo ikaloa yote.

Upande wa pili wa madumu ilikuwa inapita boti ya kambi, na wageni wawili ndani. Mpiga kasia alikuwa kijana wa shati la kazi, mmoja wenu, sijui nani. Alituona, akaacha kasia.

"Mama," akaniita kwa adabu, "umuachilie samaki. Hapa ni sheria, tunabarudishaka mu maji."

Nilimtazama yeye, nikawatazama wageni wake waliokuwa wameshatoa simu zao kupiga picha. Nikachukua rungu dogo la Kaumba chini ya kiti, nikampiga makobo kichwani mara moja. Nikaomba kisu, na pale pale, mbele yao, nikaanza kumpara magamba.